Alama 7 ya taarabu na alama 7 ya singeli: je, ni 7 ile ile?

Mwanzisha mada

Wadau, hoja iko hivi. Kila mwisho wa mwaka zinatoka orodha za "albamu bora" ambamo taarabu, dansi, singeli na Bongo Fleva zimetiwa kapu moja, kila moja na alama yake juu ya 10. Desturi yenyewe tumeiazima. Jarida la Pitchfork la Marekani hutoa alama kuanzia 0.0 hadi 10.0. Tovuti ya Metacritic nayo huchukua alama za wahakiki mbalimbali, ikazigeuza zote ziwe juu ya 100 (B+ huhesabiwa 83), kisha ikapiga wastani huku baadhi ya wachapishaji wakipewa uzito kuliko wengine.

Msimamo wangu: alama isiyotaja kipimo haimfai msikilizaji wala msanii. Mhakiki aseme kwanza anapima nini, na kipimo kitoke ndani ya muziki wenyewe. Anayepinga aje na mfano.

Fundi Miksi

Naunga mkono, na mfano wangu ni besi.

Singeli hukimbia mapigo 200 na kuendelea kwa dakika, nyingine zinakaribia 300. Chukua 240: kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 250 tu. Sasa chukua besi nzito ya Bongo Fleva yenye mkia wa milisekunde 400 kabla haijanyamaza. Kwenye wimbo wa mapigo 100 nafasi ni milisekunde 600, kwa hiyo mkia unaisha na kiki (pigo la ngoma nzito) inayofuata inaingia mahali peupe. Ihamishie besi hiyo hiyo kwenye singeli, kiki ya pili inagonga huku mkia wa ya kwanza bado unavuma, na huku chini panakuwa uji. Prodyuza anayejua kazi yake huikata besi fupi kabisa, au huiacha nje na kuzipa sauti za kati na za juu kazi ya kubeba wimbo.

Mhakiki aliyezoea R&B anasikiliza, anaandika "sauti nyembamba, haina mwili", anakata alama 2. Kakata alama kwa uamuzi ambao bila huo wimbo usingesikika.

Mtunzi wa Beti

Kwenye taarabu kosa linakaa kwingine: kwenye mizani, yaani idadi ya silabi. Tazama mishororo hii miwili niliyoitunga hapa hapa kwa ajili ya mjadala:

*Mtungi haupasuki, kwa maneno ya jirani,*
*Wala maji hayatoki, ukiyakoroga ndani.*

Kila kipande kina mizani 8, kina cha kati ni -ki, cha mwisho ni -ni. Badilisha neno moja tu, useme "wala maji hayamwagiki". Maana imebaki, kina kimebaki, lakini mizani imekuwa 9. Mwimbaji atalazimika kubana silabi mbili kwenye pigo moja, na fidla zinazomjibu mwisho wa kipande zitaingia kabla hajamaliza. Msikilizaji wa Unguja au Mombasa analihisi hilo hata kama hajawahi kuhesabu mizani maishani mwake. Nani katika wanaotoa alama huhesabu? Wanaandika "mashairi mazuri yenye mafumbo", basi. Fumbo lipi, limefumbwa kwa nani, limefumbuliwa beti ya ngapi, kimya.

Mhariri

Mimi napinga, tena kwa nguvu. Mkigawa vipimo kwa aina ya muziki mnafungua mlango wa uvivu: kila albamu mbovu itajitetea kwamba "huu ndio muziki wetu ulivyo". Yapo makosa yasiyo na kabila. Sauti inayopasuka kwa sababu imesukumwa kupita kiwango ni kosa popote. Wimbo wa 3 kuwa juu na wa 4 kuwa chini hadi msikilizaji ashike kitufe cha sauti, ni kosa popote. Nyimbo 18 ambazo 7 kati yake zimetumia mdundo mmoja uliobadilishwa jina, ni kosa popote.

Na suala la ukubwa wa sauti lina namba kabisa. Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS hivi (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Albamu iliyofanyiwa mastaringi, yaani umaliziaji wa sauti, hadi -8 itashushwa desibeli 6, na kilichobaki ni ngoma zilizobanwa zisizoruka tena. Umepoteza uhai wa ngoma, na ule ukubwa ulioutafuta hukuupata. Hapo taarabu na hip hop wanasimama mbele ya hakimu mmoja. Kipimo kimoja kinawezekana: je, albamu imetimiza kile ilichoahidi, na kazi ya mikono ni safi?

Fundi Miksi

Mhariri, kwenye sauti inayopasuka tuko pamoja. Lakini hiyo -14 unayoitaja inadai jambo ambalo wahakiki wengi hawalifanyi: kusawazisha kabla ya kulinganisha. Sikio humpendelea anayepiga kelele zaidi, hata kwa desibeli 1. Anayesikiliza albamu moja kwa faili aliyotumiwa na meneja wa msanii na nyingine kwenye Spotify, alama zake zimeshapinda kabla hajaandika neno. Azisikilize zote kwenye chombo kimoja, usawazishaji ukiwa umewashwa, mara ya kwanza kwa hedifoni na mara ya pili kwa spika yenye besi ya kweli. Spika ya simu haitoi besi ya chini kabisa. Anayehukumu miksi kwa simu hana haki ya kuandika neno "besi".

Mdau wa Dansi

Mnasahau muda. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, na Bongo Fleva imejipanga kwa hilo: kiitikio kinakuja mapema, wimbo unaisha kabla ya dakika 3. Wimbo wa dansi wa mtindo wa bendi za Sikinde au Msondo una nyumba mbili. Kwanza sehemu ya taratibu ambapo kisa kinasimuliwa, kisha chemko, ambapo gitaa la solo linashika kipande kifupi na kukizungusha huku ridhimu ikijibu na tumba zikipanda. Wimbo ukiwa na dakika 8, chemko huenda likaanza dakika ya 4. Mhakiki anayerukaruka nyimbo ataandika "wimbo mrefu, unachosha" na hakufika nyumba ya pili. Kwa hili Mhariri ajibu: kazi safi ya mikono utaijuaje kama hujui kazi yenyewe inaanzia wapi?

Mhariri

Nakubali hilo. Asiyemaliza albamu asiandike.

Sauti ya Kigodoro

Kuna upande wa lugha pia. Mkusanyiko wa *Sounds of Sisso* wa 2017, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliipeleka singeli ya Dar es Salaam masikioni mwa wahakiki wa Ulaya na Marekani. Waliisifu, na nafurahi waliisifu. Lakini sifa nyingi zilikuwa za kasi na ukali wa mdundo. Maneno ya MC, yaani kodi ya nyumba, majungu ya mtaani, mpenzi aliyekimbia, hayakupimwa kwa sababu hayakueleweka. Halafu vyombo vyetu vinanukuu sifa hizo kama hukumu kamili. Nusu ya kazi haijasikilizwa bado, na nusu hiyo ni sisi tu tunaoweza kuihakiki.

Mwanzisha mada

Mhariri ana hoja, naikubali nusu: makosa ya ufundi yapimwe kwa kipimo kimoja. Yanayobaki, yaani utunzi, mpangilio na uimbaji, yapimwe kwa kanuni za aina husika, na kanuni hizo zitajwe kwenye uhakiki. Swali langu sasa ni albamu za mchanganyiko, udi na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) upande mmoja, mdundo wa kompyuta upande wa pili. Zinapimwaje?

Mtunzi wa Beti

Pima pale pande mbili zinapokutana. Baadhi ya maqam (mipangilio ya noti) za taarabu, mfano rast na bayati, zina robo toni: noti inayokaa kwenye senti 50 hivi (nusu toni moja ni senti 100), karibu katikati ya noti mbili zinazopakana. Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, ikiwekwa kwenye skeli ya kawaida ya noti 12 haiijui noti hiyo. Mwimbaji anaishika sawasawa, programu inamvuta juu, akilegea kidogo inamshusha chini, na sauti inatetemeka kama redio inayotafuta stesheni. Wakati huo huo kanuni nyuma yake inapiga noti ya kweli. Vyombo viwili vinagombana wimbo mzima.

Kwa hiyo sikiliza mwisho wa kipande, pale mwimbaji anapotua. Akitua pamoja na kanuni, mtayarishaji ameizima programu au ameiwekea skeli inayofaa, mchanganyiko umefanywa na watu waliokaa chumba kimoja wakasikilizana. Akitua peke yake, udi na kanuni vimewekwa kama pazia la dirishani tu, na hapo kata alama bila huruma, kwa kipimo cha taarabu na cha Bongo Fleva vilevile.

Fundi Miksi

Na kama ni kinanda badala ya kanuni, angalia kwanza kama kimewekewa robo toni. Vipo vinavyoruhusu kushusha noti moja moja kwa senti 50. Kisiporuhusu, mwimbaji hana kosa. Aliyepanga vyombo ndiye wa kuulizwa.