Kikundi cha ukoo: supu ya jana

Mama Neema: Jamani, ile supu ya jana mliionaje? Muuzaji kaapa ni mbuzi. Kwa mafuta yale, mimi nasema kondoo!

Baba Mdogo Hamisi: Shemeji, ushahidi tumeshaunywa 😂

Neema: Shikamooni. Mama, mfupa umebaki? Maabara tunapima hata nyama iliyopikwa.

Mama Neema: Marahaba. Upo, paka hajauona bado.

Baba Mdogo Hamisi: Marahaba mwanangu. Si ulituambia DNA inayeyuka kwa joto?

Neema: Haiyeyuki kama mafuta, baba mdogo. Ni nyuzi mbili zilizosokotana. Zikipata joto zinaachana, ila kila uzi unabaki na herufi zake za urithi: A, T, G na C. Ya ng'ombe, kwenye maji ya chumvi ya maabara, nusu inakuwa imeachana ikifika digrii 86 hivi. Tunaimulika kwa mwanga wa urujuanimno: nyuzi zikiachana zinanyonya mwanga zaidi, karibu asilimia 40.

Juma: Dada, na mama anavyomimina chumvi?

Neema: 😂 Chumvi inaigomesha. Nyuzi zote mbili zina chaji hasi, zinasukumana, sodiamu ya chumvi inazituliza. Halafu haiachii yote kwa mpigo. A inashikana na T kwa bondi mbili, G na C kwa tatu, kwa hiyo penye A na T nyingi panaachia kwanza.

Shangazi Tatu: Mmeniacha Ubungo. Huyo kondoo mnamjuaje?

Neema: Shangazi, mbuzi ana kromosomu, yaani mafungu ya DNA ndani ya seli, 60, kondoo 54. Ila kuzihesabu kunataka seli hai, na hiyo imechemka mchana kutwa, DNA imekatikakatika. Tunatafuta vipande vifupi vya DNA ya mitokondria, vile vijumba vya nishati ndani ya seli, maana kila seli ina nakala zake nyingi. Tunavizalisha viwe vingi, tunavipasha moto kidogo kidogo. Cha mbuzi na cha kondoo haviachani kwenye joto moja.

Baba Mdogo Hamisi: Zikipoa zinarudiana?

Neema: Zikipozwa taratibu, ndiyo. Herufi zinazojirudia sana zinapata wenza haraka; wanasayansi Britten na Kohne walilionyesha hilo 1968. Ukizitia barafu ghafla, nyingi hazirudiani.

Shangazi Tatu: Kumbe zina maringo kama watu 🤣

Mama Neema: Haya, mfupa niufanyeje?

Neema: Mfuko safi, friza. Usiguse na kisu cha nyama nyingine.

Mama Neema: Kisu kimoja ndicho kinachokata kila kitu humu ndani.

Neema: Basi usikate, mama. Funga hivyo hivyo.

Juma: Naupitia kesho saa mbili asubuhi. Supu imebaki?