Wapenda mashairi wa Mwanza tunakutana wapi?

binti_igogo: Wakuu habari za jioni, hivi hapa Mwanza kuna sehemu watu wanakutana kusomeana mashairi? Sio mashindano, nataka mtu asimame asome utungo wake wengine wasikilize halafu wamwambie ukweli, maana naandika mwenyewe chumbani na nikimuonyesha shosti anasema tu safi.

mzee wa kirumba: Binti anzeni wenyewe, watu sita na kona ya mgahawa siku isiyo na mpira inatosha. Ila kila shairi lisomwe mara mbili kabla hamjasema kitu, mara ya kwanza watu wanakamata sauti tu.

jiwe_la_ziwa: Mi naomba msibague mashairi huru, yale yasiyofungwa na vina. Kuna kundi nililiacha, mtu akisoma wanahesabu mizani, yaani silabi, vidoleni nane kwa nane, isipofika wanamzomea, mpaka dogo mmoja hakurudi tena na alikuwa anaandika vizuri mno kuhusu wavuvi wa dagaa. Wakati mshairi Kezilahabi kazaliwa hapo Ukerewe na diwani yake Kichomi ya 1974 ndo ilitikisa hayo mambo ya vina! Inaniuma kweli.

mzee wa kirumba: Hapo nakuunga mkono, ila wa vina nao wapewe nafasi, wengine wanaghani mpaka nywele zinasimama.

binti_igogo: Asanteni jamani. Jumamosi saa kumi jioni, maeneo ya Capri Point, mnaonaje? Naleta langu, ubeti wa tatu unanisumbua sana.