Tupeane uzoefu: ulitaka kwenda Olorgesailie, pale penye mashoka ya mawe ya kale kwenye barabara ya Magadi, ukakosa gari, umebaki tao (katikati ya Nairobi) peke yako. Ufanyeje?

Mkaazi wa Kiserian: Wengi huikosa kwa kuchelewa kutoka tao. Matatu ya 126 itakufikisha Kiserian bila shida. Shida inaanzia hapo: gari za Magadi ni chache na haziondoki mpaka zijae. Ukifika Kiserian saa nne, jihesabie umeshakaa. Ukishuka karibu na Oltepesi, kuna kutembea kutoka lami hadi langoni jua likiwa la utosi, na huko chini ya vilima vya Ngong joto si la Nairobi.

Lami Nyeusi: Kweli kabisa. Na Jumapili usithubutu, foleni ya wala nyama choma si ya mchezo.

Mama Rongai: Jumapili ndiyo siku yenyewe! Toka saa kumi na mbili, wala nyama wako bado kitandani.

Mkaazi wa Kiserian: Bado hamjagusa penyewe. Kwenda si kazi, kazi ni kurudi. Ukiingia saa saba, mwongoza wageni anakupitisha kwenye ujia wa mbao, chini yako mashoka ya mawe yametapakaa vile vile yalivyokutwa, mengine makubwa kuliko kiganja, yamechongwa pande zote mbili mpaka ncha. Mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey na mkewe Mary walianza kupachimba miaka ya 1940. Hupaharakishi pale. Unarudi barabarani saa kumi. Gari za kutoka Magadi zinapita zimejaa, makanga anakupungia mkono. Saa kumi na mbili maji yameisha, chaji nayo inaaga, na giza la huko halingoji mtu. Kwa hivyo beba maji lita tatu, lipa kiingilio kwenye eCitizen ukiwa bado tao maana mtandao husumbua, na asubuhi ile ile chukua namba ya makanga umuulize anarudi saa ngapi.

Kijana wa South B: Na fisi je?

Lami Nyeusi: Fisi atafuna nini kwa mtu aliyekaushwa hivyo? Kuna mabanda ya kulala pale pale, ulizia tu.

Kijana wa South B: Na chakula?

Lami Nyeusi: Chako ubebe. Ulidhani ni Westlands?

Bi Makavazi: Jamani, aliyeuliza amekosa gari, si amekosa fisi. Saa nne ikikukuta Kiserian, geuza. Panda hadi tao, kisha Makumbusho ya Taifa. Mifupa ya kijana wa Turkana, mtu wa kale aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu 1984, iko pale. Mifupa hiyo ina kama miaka milioni moja na nusu. Kutoka tao ni mguu: Moi Avenue, mzunguko wa Globe, kisha mlima wa Museum Hill. Pale Globe usikimbizane na magari. Fika kabla ya saa tisa, wanafunga saa kumi na moja unusu.

Mzee Reli: Mimi ningemtuma Archives, nyumba ya kumbukumbu za taifa, Moi Avenue. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais.

Mama Rongai: Vitu vya Murumbi viko Nairobi Gallery, mzee.

Mzee Reli: Viko Archives, mama. Naijua nyumba ile.

Bi Makavazi: Viko kote kuwili, msichafuane. Archives Jumapili imefungwa, basi siku hiyo nenda Gallery, ile ofisi ya zamani ya PC (mkuu wa mkoa) ya 1913, kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Hapo ndipo umbali wa barabara za nchi ulipoanziwa kupimwa.

Kijana wa South B: Jioni panda juu KICC, lile jengo refu la mikutano, uone mji wote.

Mzee Reli: Ukipita Bunge, simu mfukoni. Askari hawapendi picha.

Lami Nyeusi: River Road pia mfukoni, ila kwa sababu nyingine.