Kimbunga cha 1872, karafuu za Pemba na riwaya ya Kuli: naomba msaada wa maswali ya likizo

Kidato4_Wete

Asalaam alaykum. Mie mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Wete. Mwalimu wetu katupa maswali mawili ya likizo, moja la historia na moja la fasihi, na yote mawili yamenikwamisha.

La kwanza: "Kwa nini Pemba iliipita Unguja kwa karafuu baada ya mwaka 1872?" Niliandika hoja sita: ardhi yenye rutuba, mvua ya kutosha, kimbunga, bandari, wakulima hodari na utawala mzuri. Nikamtumia mwalimu rasimu, karudisha maneno matatu tu: "Yangefaa hata mpunga." Sikumfahamu.

La pili: "Je, riwaya ya Kuli yaweza kuwa ushahidi wa historia ya mgomo wa 1948?" Ni riwaya ya Adam Shafi, yahusu makuli, wabeba mizigo wa bandari ya Unguja. Nimeisoma yote, Rashidi, mhusika mkuu, nimempenda, lakini sijui nijibu ndiyo au la. Kaka yangu asema niandike ndiyo, kwa sababu mwandishi ni Mzanzibari. Nisaidieni jamani, skuli zafunguliwa Jumatatu.

Mtu_wa_Mji_Mkongwe

Waalaykum salaam. La kwanza jepesi hilo. Kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba kikaiacha. Basi. Hoja nyingine zote futa. La pili sijui, mie riwaya hazinipandi.

Maalim_Mstaafu

Waalaykum salaam wanangu. Nimesomesha historia na Kiswahili huku Pemba mpaka nikastaafu, na mwalimu wako, binti, namuunga mkono. Jibu lako nalijua toka mstari wa kwanza: ardhi, mvua, bandari, utawala. Lafaa karafuu, lafaa mkonge wa Tanga, lafaa kahawa ya Kilimanjaro, na kama alivyosema mwenyewe, hata mpunga wa bondeni hapo Wete.

Swali lako lina mwaka ndani yake. Mtahini akikutajia mwaka anataka umwambie mwaka ule ulileta nini ambacho zamani hakikuwepo. Rutuba ya Pemba ilikuwepo 1850. Mvua ilikuwepo. Mbona wakati ule Unguja ndiyo iliyokuwa mbele? Jiulize hivyo kwa kila hoja uliyoandika, utaona ngapi zinabaki zimesimama. Ardhi na mvua usizitupe kabisa, zitakuja baadaye, lakini si za kufungulia jibu.

Anza na bei. Toka zama za Sultani Seyyid Said karafuu zilipandwa kupita kiasi, zikajaa sokoni, bei ikaanguka. Mwenye shamba Pemba hakuwa na haja ya kuongeza hata mche mmoja. Aprili 1872 kikaja kimbunga. Mikarafuu ya Unguja ikang'oka mashamba kwa mashamba, na vyombo vya Sultani Seyyid Barghash vikaangamia bandarini. Pemba haikupigwa vile. Karafuu zikawa adimu, bei ikapanda, na mwenye mikarafuu iliyosimama akawa ni mtu wa huku.

Sasa Mtu wa Mji Mkongwe akwambia hapo umemaliza. Hujamaliza. Unguja si walipanda tena? Walipanda. Kwa nini basi hawakuirudia nafasi yao? Swali lenyewe ndilo hili, na ndipo wanafunzi wengi wanapoweka kalamu chini.

Mkarafuu hutaka miaka sita mpaka minane kabla hujaanza kuuchuma. Mche uliotiwa ardhini Unguja mwaka 1873 ulikuwa wa kuchumwa karibu na 1880. Miaka yote hiyo Unguja yasubiri, Pemba yauza kwa bei ya juu, na faida wanaitia tena shambani. Kisha tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash akatia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Fikiri hali ya tajiri wa Unguja: anahitaji watu wa kuondoa magogo, kuchimba mashimo na kuatika upya, na mwaka huo huo njia ya kupatia watu inafungwa. Kimbunga peke yake angekimudu. Mkataba peke yake labda angeukwepa. Viwili pamoja vilimlemea.

Na hapa ufute "wakulima hodari". Hodari nani? Mikarafuu ile ilipandwa na kuchumwa na watumwa, na sisi Wapemba tusijitoe. Baada ya mkataba watumwa waliendelea kuingizwa huku kwa magendo, kwa sababu bei ya karafuu ilikuwa nzuri na hori za pwani yetu ni nyingi za kujificha jahazi. Manuwari za Waingereza zikawa zapiga doria. Disemba 1881 Kapteni Brownrigg, mkuu wa manuwari iliyoitwa London, aliuawa karibu na Pemba katika kulikamata jahazi la watumwa. Ukilitaja tukio hilo moja, msomaji ataona mwenyewe kuwa neema ya karafuu Pemba ilikuwa na mlipaji wake. Najua kuna waalimu hawapendi lisemwe. Wewe liseme.

Baada ya hapo ndipo uirudishe ardhi. Vilima na mabonde ya Pemba vina udongo mzito na mvua nyingi. Upande wa mashariki wa Unguja karibu wote ni mawe, mkarafuu haushiki. Kwa hivyo bei ilipoita, Pemba ilikuwa na mahali pa kupanda. Umeiona tofauti? Hoja ni ile ile uliyoandika wewe, lakini sasa ina kazi ya kufanya.

La riwaya nitakujibu baada ya Isha.

Mchumaji_Mtambile

Maalim kamaliza, ila niongeze la mikono, maana aliyesoma vitabuni tu huona karafuu ni kama nazi, leo usipoangua utaangua wiki ijayo. Karafuu haikungoji. Unaichuma bado tumba, imeanza kupiga wekundu. Ua likichanua umeshapoteza. Shamba zima laiva pamoja, kwa hivyo watu wahitajika wote kwa wakati mmoja, si kidogo kidogo.

Mie kila msimu niko juu ya mkarafuu. Tawi lake ni jepesi kukatika, na kila msimu twasikia kaanguka mtu. Unajifunga, unalivuta tawi kwa ngoe, unakata kishada kizima, watia kwenye pakacha. Ukishuka kazi haijesha: usiku nyumba nzima mwakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo (vijiti vya kishada) kule, na vidole vinanuka mpaka chakula kina ladha ya karafuu. Asubuhi majamvi nje. Wingu likijitokeza upande wa Kojani tu, watoto wote mbio kuanua, kwa sababu karafuu iliyonyeshewa huota ukungu na bei yake si bei.

Binti akiyajua haya atafahamu kwa nini matajiri walihangaika kiasi kile kutafuta watu.

Maalim_Mstaafu

Mchumaji, Mungu akuweke. Hilo la kuiva pamoja liandike, binti, tena kwa maneno yako mwenyewe. Lafafanua pia kwa nini utumwa ulipoondolewa kwa sheria, Aprili 1897, msimu wa kuchuma ndio uliowatia hofu serikali na wenye mashamba. Unguja wakawa wategemea sana wachumaji wa kutoka nje ya mashamba. Pemba mikarafuu ilikuwa imeenea kwa watu wengi zaidi, Waarabu na Wapemba walioingiliana kwa ndoa na ujirani, na mwenye mikarafuu michache huchuma na wanawe.

Sasa Kuli. Kaka yako mwambie Uzanzibari si hoja; mie Mzanzibari na sikuuona mgomo. Usijibu ndiyo wala la kabla hujauliza: ushahidi wa nini?

Weka miaka mitatu mbele yako. Adam Shafi kazaliwa 1940. Mgomo ulikuwa Agosti na Septemba 1948. Riwaya imetolewa na Tanzania Publishing House, Dar es Salaam, mwaka 1979. Kwa hivyo wakati makuli wanagoma, mwandishi ni mtoto wa miaka minane. Anapoandika ni mtu mzima, Mapinduzi yameshapita miaka kumi na mitano, Azimio la Arusha miaka kumi na miwili, na lugha ya mkulima na mfanyakazi imejaa magazetini na redioni. Kitabu kinasimulia 1948, lakini anayesimulia ni mtu wa miaka ya sabini.

Jibu lako linatoka hapo. Ukitaka kujua mgomo ulianza tarehe ngapi, waligoma watu wangapi, serikali iliwaahidi nini, usinukuu riwaya. Hayo yako katika ripoti za serikali na magazeti ya wakati ule, na mengi yamehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja. Lakini ripoti ya afisa wa Kiingereza haikwambii kuli anarudi nyumbani na nini baada ya kubeba mizigo siku nzima, wala mkewe anasema nini akiona mkono mtupu. Riwaya yakwambia. Hayo unaruhusiwa kuyatumia, kwa sharti useme ni maisha yaliyotungwa na mtu aliyekulia katika mji ule.

Kisha kuna la tatu, na hili ndilo linalonipendeza mie. Mtazame Rashidi anavyokwenda: anaanza hajui lolote, anafundishwa, anafumbuka macho, anasimama mbele ya wenzake. Safari hiyo ni ushahidi mzuri kabisa, lakini ni ushahidi wa 1979, wa namna waandishi wetu wa wakati ule walivyotaka tuuone mgomo. Mgomo wenyewe ulianza kwa makuli wa bandarini ukasambaa kwa wafanyakazi wengine mpaka mji ukasimama. Hakuna mgomo wa namna hiyo unaotoka katika moyo wa kijana mmoja. Riwaya yahitaji kijana mmoja, historia haimhitaji.

Mtu_wa_Mji_Mkongwe

Haya Maalim, tumekusikia. Mdogo wangu naye kaulizwa vita vya 1896, vya Zanzibar na Waingereza. Kaandika "vita vifupi kuliko vyote duniani" mara nne katika ukurasa mmoja. Kuna jengine la kusema?

Maalim_Mstaafu

Lipo. Dakika arubaini kasoro ni kichekesho cha kuwapa watalii. Mwambie aanze tarehe 25 Agosti: Sultani Seyyid Hamad bin Thuwaini kafariki, Khalid bin Barghash kaingia jumba la kifalme, Beit el Hukm, bila idhini ya Waingereza. Swali ni nani mwenye haki ya kumweka Sultani, na toka Zanzibar iwe himaya yao mwaka 1890 Waingereza walishajipa jibu. Tarehe 27 mizinga ikalijibu hadharani. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Aliyekalishwa kitini ni Hamoud bin Mohammed, na huyo huyo ndiye aliyetia saini sheria ya 1897 ya kuondoa utumwa. Sasa mdogo wako na binti wa Wete wapeane madaftari, maana mmoja kaulizwa mwanzo wa habari na mwengine mwisho wake.

Kidato4_Wete

Ahsante sana Maalim, na nyote. Nimeandika upya ufunguzi wa swali la kwanza, naomba uutazame:

"Kabla ya 1872 bei ya karafuu ilikuwa chini na Unguja ilikuwa mbele. Kimbunga kiliharibu mikarafuu ya Unguja na kupandisha bei, na Pemba ikafaidika kwa sababu mikarafuu yake ilibaki. Unguja ilipanda tena lakini ilichelewa, kwa kuwa mkarafuu huchukua muda mrefu na pia watumwa waliondolewa mwaka 1873. Wapemba walifanya bidii wakati huo."

Na jengine: Kilimani ni mbali, mie niko Wete. Sasa hizo ripoti nitazipata wapi kabla ya Jumatatu?

Maalim_Mstaafu

Afadhali sana. Marekebisho matatu. "Muda mrefu" andika miaka sita mpaka minane, mtahini hana haja ya kukisia. Mwaka 1873 watumwa hawakuondolewa. Ilipigwa marufuku kuwasafirisha baharini na soko likafungwa, na waliokuwa mashambani walibaki watumwa mpaka 1897. Ukichanganya hayo mawili umepoteza miaka ishirini na nne ya maisha ya watu. Na hiyo "bidii" imerudi kwa mlango wa nyuma. Itoe, uweke Brownrigg.

Kilimani huna haja ya kwenda. Swali halikukutaka ulete ripoti, limekutaka upime riwaya. Andika aina ya chanzo ambacho ungekitafuta na swali ambalo ungekiuliza. Kwa mfano: orodha ya mishahara ya makuli mwaka 1948, ili uilinganishe na hali ya nyumba ya Rashidi. Aya mbili zatosha. Ukimaliza iweke hapa hapa, Jumapili asubuhi nitaisoma.