Taarifa za ajali wodini zimepungua wakati wa mlipuko wa ugonjwa: nifurahi au niogope?

Muuguzi_Zamu:
Habari wakuu. Nasimamia wauguzi wa wodi ya kutenga wagonjwa. Kabla ya mlipuko sikukosa taarifa: fulani kajichoma sindano, glavu imechanika, barakoa haikai vizuri usoni. Sasa wodi imejaa, zamu zimerefushwa, na daftari la matukio ni jeupe. Kwenye kikao cha asubuhi uongozi unasifia hali hiyo. Mimi usingizi sipati. Muuguzi mmoja alisema gauni zinavuja, akaambiwa mbele ya wenzake kwamba anazua taharuki. Tangu hapo wodi nzima kimya. Nianzie wapi?

Kinga_Kwanza:
Dada, ogopa. Kazi ikizidi, ajali hazipungui zenyewe. Watu ndio wameacha kusema. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za hospitali, akakuta zenye uongozi msikivu ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Wao hawakuyaficha.

Anayeficha naye ana hesabu zake: akisema kajichoma, atawekwa karantini, kwa Ebola siku 21, na hajui kama mshahara utaingia. Na kimya hicho kinaua. Dawa za kukinga VVU baada ya kujichoma lazima zianzwe ndani ya saa 72. Kwa hiyo mwombe mganga mfawidhi aandike na kusaini kwamba anayetoa taarifa haadhibiwi wala hakatwi mshahara. Kisha amshukuru yule muuguzi mbele ya wenzake walewale. Aliaibishwa hadharani, asiombwe radhi chumbani.

Mstaafu_Wodini:
Wanangu, msomeni Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda, wakati wa Ebola ya mwaka 2000. Wauguzi walipokuwa wanakufa na waliobaki wakataka kuondoka, aliitisha mkutano, akawaambia anayetaka kwenda aende, yeye anabaki. Na wodini alikuwa anaingia mwenyewe. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Inaaminika aliambukizwa usiku alipokimbilia kumsaidia muuguzi mgonjwa bila kukinga macho.

Namheshimu mno, na kwa sababu hiyo nasisitiza: asivae mtu wala kuvua peke yake, hata awe mkuu. Awepo wa kumkagua, na muuguzi mdogo kuliko wote awe na ruhusa ya kumwambia mfawidhi, “Rudi, hujavaa miwani.”

Zamu_ya_Usiku:
Yote sawa, ila gauni zilezile zikirudi wiki ijayo, hiyo barua ya mfawidhi hakuna atakayeiamini. Vifaa kwanza.

Muuguzi_Zamu:
Asanteni sana, na wewe mzee wetu shikamoo. Nimeshaandika rasimu ya barua. Kesho naingia kikaoni na gauni moja na chupa ya maji, nalimwagia palepale mezani waone linavyovuja, ndipo niombe saini.