Tunapelekwa kupima nyasi Septemba! Mnaoajiri vibarua wa tathmini ya malisho hapa Arusha, mnatuharibia kazi

Wakuu, nimekaa na hili misimu mitatu. Leo nalitoa.

Mimi ni kibarua wa msimu kwenye tathmini ya nyanda za malisho za vijiji, upande wa Longido na Monduli. Kwa wasioijua kazi hii: tunanyoosha futi kamba ya mita 100, kila baada ya hatua kadhaa tunalaza fremu ya mraba ya mita moja kila upande, tunaandika aina za nyasi, tunakadiria ardhi iliyo tupu, tunakata nyasi na kutia kwenye mfuko wa kaki zikakaushwe na kupimwa kwenye mizani. Uzito huo ndio unaosaidia kukadiria eneo linaweza kulisha ng'ombe wangapi.

Mtoto wa huku anajua masika ni Machi hadi Mei. Nyasi unazipima masika yakiishia, zikiwa na masuke, maana nyasi isiyo na suke hata mtaalamu wa mimea inamsumbua kuitambua. Sasa sikieni. Usaili tulifanyiwa Machi. "Subirini simu." Simu ikaja mwishoni mwa Agosti, mkataba ukasainiwa juu ya boneti ya gari, tukaingia porini Septemba. Siku ya kwanza nililaza fremu 40, na 31 nikaandika vumbi na mizizi.

Kilichonichoma zaidi ni alalili. Lile ni eneo ambalo wafugaji wenyewe hulifunga wakati wa mvua ili ndama, wagonjwa na ng'ombe wanaonyonyesha wapate pa kula kiangazi. Tulipofika lilikuwa limeshafunguliwa, kama utaratibu wao unavyotaka, na ndama walikuwa wanamalizia. Sisi tukapima masalia, na kwenye fomu ikaingia "malisho yameharibika". Laigwanani mmoja, yaani kiongozi wa jadi wa Wamaasai, aliyetuzungusha siku nzima kwa miguu akaniuliza, "Mwanangu, maziwa unayapima watu wakishakunywa?" Sikuwa na jibu. Nilimwamkia asubuhi kwa heshima zote, jioni nikaona aibu kumuaga.

Maana takwimu hizo hazilali kabatini. Zinaingia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, halafu mtu mwenye tai anasimama mkutanoni na kumwambia mzee yule yule kwamba mifugo yake imezidi, apunguze. Watu hawa walizika ng'ombe kwa makundi kwenye ukame wa 2009. Unamwambia apunguze kwa karatasi iliyojazwa mwezi usio wake?

Na gugu karoti je? Mche mmoja hutoa mbegu kwa maelfu, unafukuza nyasi, na mkono ukiushika unawasha. Huota na mvua. Ikifika Septemba miche mingi imekauka na kupukutika, kwa hiyo tumepita juu ya mbegu zake na kuandika "halipo". Wanaosoma ripoti wataamini halipo, vuli ikinyesha litawacheka.

Posho sitaisema sana. Siku 45 baada ya kutoka porini ndiyo imeingia, nusu. Mwenzangu aliacha kitenge cha mama yake dukani kama dhamana ya unga.

Tunachotaka si kikubwa. Usaili ufanyike Januari, mikataba isainiwe kabla ya masika, Mei na Juni tuwe porini, na matokeo yarudishwe kijijini yakasomwe mbele ya waliotuonyesha njia. Misimu yote mitatu sijawahi kuona hata ukurasa mmoja ukirudi.

Kila fomu yangu ya mwaka huu nimeandika juu kwa kalamu nyekundu: IMEPIMWA SEPTEMBA, ENEO LIMESHALISHWA. Msimamizi amenipigia mara mbili nikafute. Sijafuta. Mliokuwa timu ya Simanjiro, ninyi mliingia lini?