Mashindano ya ufundi: yanainua darasa zima au mwanafunzi mmoja?

Swali
Wakuu, chuo cha ufundi stadi kikianzisha mashindano ya ndani ya umeme wa majumbani, umahiri unapanda kweli? Hofu ni kwamba vifaa na muda vitaishia kwa mwanafunzi mmoja hodari, wengine wabaki watazamaji.

Jibu la 1
Unapanda, mkuu, ila kinachoupandisha ni karatasi ya alama kuliko medali. WorldSkills, yaani mashindano ya kimataifa ya ufundi stadi, wana alama za kupima na alama za uamuzi. Za kupima hazina mjadala: soketi ipo kwenye urefu wa mchoro au haipo. Za uamuzi hutolewa na waamuzi watatu, kila mmoja 0 hadi 3: 0 chini ya kiwango cha kazini, 1 imekifikia, 2 imekizidi kwa sehemu, 3 bora kabisa. Wakipishana kwa zaidi ya alama 1, wanajadiliana na kutoa upya. Tumieni karatasi hiyo kwenye mazoezi ya kila wiki, tena ibandikwe ukutani kabla ya kazi kuanza. Mwanafunzi asiyejua anapimwa kwa lipi hawezi kujikagua.

Jibu la 2
Kwa umeme, msizidishe alama za mwonekano. Bodi inaweza kupendeza, nyaya zimelala sambamba, kumbe ganda la waya limebanwa chini ya skrubu. Shaba haigusi vizuri, joto linapanda, kiungo kinaungua.

Kabla ya kuwasha, mshindani apime mwendelezo wa waya wa ethi (waya wa usalama uendao ardhini), kuona haujakatika popote, kisha ukinzani wa insulesheni, yaani ganda la nyaya linavyozuia umeme kuvuja, kwa volti 500 DC. Ikisoma chini ya megaomu 1, haiwashwi, na sehemu hiyo apate 0. Vifaa vya elektroniki vitolewe kwanza, volti hiyo huviua. Wekeni pia hitilafu za kutafuta: nyutro (waya wa kurudishia umeme) iliyokatika, laini (waya wa kuleta umeme) na nyutro zilizogeuzwa kwenye soketi. Hapo ndipo fundi anapoonekana.

Jibu la 3
Naongezea: raundi ya kwanza iwe ya wote, idumu kwa muda wa saa tatu, vifaa sawa. Badilisheni karibu asilimia 30 ya mchoro asubuhi hiyohiyo, maana aliyekariri atakwama palepale. Halafu linganisheni wastani wa darasa zima kabla na baada. Mshindi akipanda na wastani ukabaki palepale, hofu yako ilikuwa sahihi. Rudisheni vifaa kwenye mazoezi ya wote.